Black Beauty ya Anna Sewell: usidanganywe na jalada

Nyota 4 kati ya 5. Moja nimeikata kwa mahubiri, nitaeleza.

Jalada la toleo nililosoma lina farasi mweusi kwenye majani mabichi, na mtoto akiliona atadhani ni kitabu cha kubembelezea usingizi. Kumbe ni riwaya anayoisimulia farasi mwenyewe, Black Beauty. Sewell alikitoa kitabu hiki mwaka 1877 akiwalenga watu wanaofanya kazi na farasi, akafariki mwaka uliofuata. Watoto walikuja kukichukua baadaye. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini kila jeraha humo lina chanzo unachoweza kukionyesha kwa kidole.

Chukua sura ya 25. Reuben Smith ni mtunza farasi hodari, ila pombe inamshinda. Anaambiwa msumari wa kiatu cha farasi umelegea, anajibu kwamba utafika nyumbani. Kisha, kalewa, anampiga Beauty shoti (mbio za kasi) usiku kwenye barabara iliyomwagwa mawe mapya. Kiatu kinachomoka, ukwato unapasuka, farasi anaanguka kwa magoti yote mawili, na Reuben anakufa palepale. Sura inayofuata inaonyesha mkewe na watoto sita wakilazimika kuhama nyumba ya mwajiri na kuingia kwenye nyumba ya umma ya kuhifadhi maskini. Msumari mmoja, familia nzima chini. Wengine wanakisifu kitabu hiki kwa huruma; mimi nakisifu kwa mnyororo huu wa sababu na matokeo, na ukipewa toleo lililofupishwa, fungua kwanza uone kama sura hizi mbili zimo. Hazimo? Rudisha.

Hatamu ya kuinua kichwa (sura ya 22 na 23) ndiyo inayowachanganya wasomaji wadogo, kwa sababu wengi hawajamwona farasi akikokota gari. Waeleze hivi kabla ya kusoma: farasi anayepanda mlima na mzigo hushusha kichwa ili asukume kwa mabega. Ukimfunga kichwa juu kwa hatamu hiyo, kwa ajili ya urembo, uzito unaangukia mgongo na miguu ya nyuma, na pumzi inabanwa. Mwambie mtoto ainue kidevu juu kabisa kisha ajaribu kusukuma meza nzito. Ataelewa mara moja kwa nini Ginger, farasi jike anayefanya kazi pamoja na Beauty, anapiga mateke.

Ginger mwenyewe ndiye rafiki mkubwa wa kitabu hiki. Ni mkali, anauma, na sura ya 7 na 8 zinakwambia ukali huo ulitengenezwa na nani. Kwa hiyo jiandae kwa sura ya 40. Anakutana na Beauty mjini London akiwa kachakaa, na muda mfupi baadaye linapita gari lenye farasi aliyekufa. Mwandishi hasemi waziwazi ni yeye. Beauty anaamini tu, na anatumaini ndivyo, maana taabu zimekwisha. Usiisome usiku wa kuamkia shule.

Upande wa familia, mwenye teksi ya farasi Jerry Barker, mkewe Polly na watoto wao Harry na Dolly wamechorwa vizuri kuliko matajiri wote. Hesabu za maisha ya madereva wa teksi hizo zimo pia: Sam, anayeendesha teksi ya kukodi, hulipa shilingi 18 kwa siku kwa gari na farasi wawili kabla ya kupata senti yake. Ukimsikia anavyolalamika, utaelewa kwa nini farasi wake wanachapwa.

Mahubiri sasa. Sura ya 36, kuhusu kutofanya kazi Jumapili, inazunguka palepale, na pombe inalaumiwa tena na tena hata pale ambapo tumeshaelewa. Ukisoma kwa sauti, ruka aya. Jambo jingine dogo linaloudhi: farasi anabadilishwa jina kila mmiliki akibadilika (Darkie, Black Auster, Jack na mengineyo), na mtoto anayesoma sura chache kwa wiki hupotea. Andikeni majina kwenye kipande cha karatasi, pembeni mwandike mmiliki, kiwe alama ya ukurasa.

Kuna sura 49, nyingi fupi. Mtoto wa miaka 10 au 11 ataimudu peke yake. Wa miaka 7 asomewe, sura mbili kwa kikao. Kiingereza chake ni cha zamani, na maneno ya farasi ndiyo yatakayowakwamisha. Ukiwa unafasiri papo hapo, weka tayari lijamu (chuma cha mdomoni mwa farasi), matandiko, matiti (mwendo wa mbio za polepole) na shoti, usije ukaita kila mwendo "kukimbia", kwani Sewell anautofautisha kila mmoja.

Na katika sura ya 18, kijana Joe Green anapompa farasi mwenye jasho ndoo ya maji baridi na kumwacha bila blanketi, mwambie mtoto alishike jina hilo. Usimwambie kwa nini mpaka mfike sura ya 49.