TAHADHARI: "Dawa ya michungwa" inayouzwa masokoni Teso, Uganda, ni kiua magugu

Wakulima wenzangu wa Soroti, Serere na Kumi, kuna jamaa anazunguka siku za soko na bodaboda na spika, anauza chupa za lita moja anazoziita "dawa ya kuponya michungwa". Shilingi elfu arobaini. Msinunue. Kilichomo ni kiua magugu, glaifoseti.

Chupa yenyewe nimeishika kwa jirani yangu. Lebo ina picha ya chungwa, lakini ukiibandua kwa ukucha unakuta lebo nyingine chini yake, yenye jina glaifoseti na picha ya majani yaliyokauka. Kizibo hakina lakiri ya kiwandani, kimezibwa kwa nta ya mshumaa. Namba ya usajili hakuna, tarehe ya kuisha muda hakuna.

Ujanja wake ni huu: anakuelekeza upulizie shina na matawi ya chini. Majani yenye madoa yakianza kupukutika, yeye anashangilia, "Unaona, ugonjwa unatoka!" Kumbe mti ndio unakufa. Glaifoseti ikigusa jani, chipukizi au gome changa la kijani, huingia ndani ikashuka mpaka mizizini. Majani yanayochipua baadaye hutoka membamba kama sindano, ya njano, yamesongamana. Mchungwa mzima waweza kustahimili tone moja mbili. Ulioishiwa nguvu kwa ugonjwa unamalizika. Jirani alipulizia mstari mzima wa miche iliyokuwa karibu kuzaa, na sasa anaing'oa.

Hakuna kiua magugu kinachotibu mti, kiwe halisi au feki. Madoa meusi kwenye majani na matunda huletwa na ukungu: okota matunda yaliyoanguka uyafukie, kisha uulize dawa ya ukungu, kwa mfano ya shaba, kwenye duka lenye leseni. Ukiona njano iliyotapakaa bila mpangilio, upande mmoja wa jani haufanani na wa pili, na matunda yamepinda na ni machungu, hapo shuku ugonjwa wa bakteria unaosambazwa na kidudu kinachofyonza chipukizi. Huo hauna tiba popote duniani, kwa hiyo anayekuuzia tiba yake ni tapeli, hata kama ana duka zuri mjini.

Wenye kutumia kiua magugu kwa nyasi za shambani, wekeni pampu yake mbali na ile ya dawa za miti. Mabaki ya ndani yanatosha kuunguza. Pulizieni chini chini kusipokuwa na upepo, na shina changa lifunikwe.

Uliyekwisha nunua, chupa usiitupe wala usiimwage mtoni. Ipeleke ilivyo, na lebo zake zote mbili, kwa ofisa kilimo wa wilaya. Namba ya simu ambayo muuzaji huyo anapokelea hela andika pembeni, maana anabadilisha laini kila anapohama soko.