TAHADHARI: Pawa saplai "kompakti" ya valvu isiyo na transfoma, usiichomeke

Wakuu, kama unajenga pre-amp ya valvu (kikuza sauti cha mwanzo kinachotumia taa za kioo badala ya transista) na umekutana na tangazo la pawa saplai ndogo ya kuenea kiganjani, "300V na 6.3V, nyepesi, haivumi", usitume hela kabla hujasoma hapa. Na kama umeshainunua, usiichomeke.

Mteja wangu mmoja, mpiga gitaa wa kanisani, alilipa kwa simu akaletewa mzigo na boda. Kwenye picha ya tangazo kuna transfoma ya duara imekaa katikati ya bodi. Iliyofika, upande wa 300V hauna transfoma kabisa. Alipouliza akaambiwa ni toleo jipya. Akaifunga kwenye pre-amp yake, akawasha, akashika nyuzi za gitaa, umeme ukampiga mpaka kwenye kiwiko. Namshukuru Mungu alikuwa amevaa raba. Ndipo akaniletea.

Niliipima bila kuichomeka. Mita nimeiweka kwenye alama ya daiodi, waya mwekundu kwenye hasi ya kutokea, mweusi kwenye pini moja ya plagi: ikasoma 0.55. Nikahamia pini ya pili, ikasoma vilevile. Saplai iliyotengwa na transfoma haisomi kitu hapo. Hii ni daiodi nne na kapasita zimeunganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani, na hasi yake ndiyo inayofungwa kwenye chesisi (boksi la chuma la pre-amp), chesisi inashika jeki, jeki inashika nyuzi. Ukichomeka kipaza sauti, muimbaji ataweka midomo kwenye umeme wa ukutani.

Kilichoniudhi zaidi ni majibu ya muuzaji. Kwanza alimwambia mteja abadilishe nyaya za plagi, laivu iende kwenye nyutro. Haisaidii, kwa sababu kuna daiodi kwenye waya zote mbili. Kisha akamwambia afunge waya wa ethi kwenye chesisi. Ukifanya hivyo kwenye bodi hii, umetengeneza shoti kupitia daiodi: fyuzi inakatika, na kama hakuna fyuzi (hii haina), daiodi zinalipuka. Mtu anayeuza vitu vya 300V hafai kutoa ushauri wa namna hiyo.

Kapasita nayo imeandikwa 450V. Nikachana ganda la plastiki kwa wembe, chini yake kuna ganda jingine la zamani: 200V. Umeme wa 230V ukishapita kwenye daiodi unafika kama 325V, na valvu ikiwa bado baridi haivuti chochote, kwa hiyo kapasita inabeba mzigo wote huo. Itavimba, itapasuka. Halafu hakuna rezista ya kuimwaga chaji, kwa hiyo hata ukichomoa plagi bado inauma. Rezista ya 220k ya wati 2 ingemaliza chaji ya kapasita ya 100µF ndani ya dakika mbili hivi, wameiacha. Upande wa hita, yaani umeme wa kupasha valvu moto, niliupima peke yake: bila mzigo 6.3V, ukiweka valvu moja ya ECC83 inashuka chini ya 5V.

Mteja alipoomba hela yake akablokiwa. Baadaye tangazo lilelile na picha ileile vimerudi kwa jina jingine la ukurasa, ndiyo maana sitaji jina. Angalieni bodi, msiangalie jina. Mwambie muuzaji akupigie video akipima kati ya plagi na hasi ya kutokea, kama nilivyoeleza. Akikataa, achana naye.

Anayetaka saplai ndogo kweli, njia salama ipo na ni rahisi: transfoma mbili za 230V kwa 12V. Ya kwanza, ya 15VA, inashusha hadi 12V, na hiyohiyo inawasha hita ya ECC83 kupitia pini 4 na 5. Ya pili, ndogo zaidi, unaifunga kinyume inapandisha tena, na baada ya daiodi unapata kama 280V hadi 300V iliyotengwa na ukuta. ECC83 inavuta miliampu chache tu, inatosha kabisa. Weka fyuzi mwanzoni, kapasita za 400V au zaidi kutoka duka unaloliamini, na ethi kwenye chesisi. Inaingia kwenye boksi dogo bila shida.

Bodi ya mteja ipo karakana kwangu. Mwenye yake anayetaka kulinganisha aweke picha hapa chini, pande zote mbili, nitamwambia kama ndiyo yenyewe.