TAHADHARI: Mvinyo wa "shamba la familia" Bordeaux unaouzwa WhatsApp

Wadau, tangazo la aina hii mtakuwa mmeliona: mvinyo mwekundu wa Saint-Émilion, eneo lililo ndani ya Bordeaux, "moja kwa moja kutoka shamba la familia yetu Ufaransa", katoni ya chupa sita kwa bei ya chupa mbili, nusu ya pesa mbele, nusu mzigo ukifika. Picha ni jumba la mawe, safu za mizabibu na mzee mwenye glasi mkononi. Usitume hata senti kabla hujaisoma chupa yenyewe.

Mwombe muuzaji picha tatu: lebo ya mbele, lebo ya nyuma, na kilemba cha shingoni kinachofunika kizibo. Picha ya katoni haikusaidii kitu. "Mis en bouteille au château" maana yake mvinyo umetiwa chupani palepale shambani. "À la propriété" inakaribia hapo, ila hata chama cha ushirika kinaweza kuandika hivyo kwa zabibu za wanachama wake. "Dans nos chais", yaani kwenye maghala yetu, haisemi zabibu ni za nani. Ukikuta neno "négociant" karibu na jina la kampuni, huyo ananunua mvinyo wa wengine na kuuuza kwa jina lake. Ni biashara halali, na wapo wanaotoa mvinyo mzuri sana. Uongo ni kukuambia ni jasho la familia yake na kukutoza kwa jina hilo.

Juu ya kilemba mara nyingi kuna alama ya duara ya ushuru yenye kichwa cha Marianne, mwanamke wa nembo ya Jamhuri ya Ufaransa, na ndani yake herufi moja na namba. R ni mkulima mwenyewe, N ni négociant, E ni mwenye ghala lenye kibali cha forodha. Namba ni ya mkoa: 33 ni Gironde, ndiko Bordeaux iliko. Mtu anayejiita mkulima wa Saint-Émilion halafu chupa yake ina N na mkoa mwingine, ana maelezo ya kutoa. Lakini msimhukumu mtu kwa kukosa alama hiyo. Tangu Juni 2019 si lazima tena, na chupa za kuuzwa nje ya Ufaransa mara nyingi hazina.

Wauzaji wengi wa namna hii hunaswa kwenye vyeo. "Saint-Émilion Grand Cru" ni jina la eneo linalolindwa kisheria, lenye masharti yake, na mashamba mengi sana hulitumia. "Grand Cru Classé" ni cheo, na orodha ya 2022 ina majina 85 tu: 14 ya daraja la juu, Premier, na 71 yaliyobaki. Jina halimo? Cheo hicho hana sasa, ila chupa za miaka ya nyuma hufuata orodha ya wakati wake. "Classé en 1855" (iliyopewa daraja mwaka 1855) kwa mvinyo mwekundu ni orodha ya Médoc, eneo jingine la Bordeaux, pamoja na shamba la Haut-Brion, kwa hiyo chupa ya Saint-Émilion yenye maneno hayo ni feki, hakuna mjadala. Saint-Émilion nyeupe nayo haipo, jina hilo ni la mvinyo mwekundu peke yake. Zabibu aina ya pinot noir humo haziruhusiwi. Zabibu kuu ni merlot, ikifuatiwa na cabernet franc.

Na mwaka ulioandikwa kwenye lebo je? Mwaka 2008, Laurent Ponsot, mtengeneza mvinyo wa Morey-Saint-Denis, Burgundy, eneo jingine la mvinyo Ufaransa, alisafiri hadi New York kuzuia mnada wa chupa zenye jina la shamba la familia yake. Zilikuwemo za shamba la mizabibu la Clos Saint-Denis, nyingine zikidaiwa ni za 1945, ilhali familia ilianza kutengeneza mvinyo huo miaka ya 1980. Aliyezileta, Rudy Kurniawan, alifungwa miaka 10 mwaka 2014. Kilichomfichua ni historia ya shamba. Kwa hiyo andikia shamba lenyewe, kwa anwani uliyoitafuta wewe, si aliyokupa muuzaji, uulize: mvinyo huu wa mwaka huu mliutoa? Huyu ni wakala wenu?

Kabla ya kulipa, dai namba ya SIRET, namba ya usajili wa biashara Ufaransa. Ina tarakimu 14, na 9 za mwanzo ndizo SIREN, namba ya kampuni yenyewe. Iingize kwenye Annuaire des Entreprises, tovuti ya serikali ya Ufaransa, bure, uone jina, kazi yao na kama bado wapo hai. IBAN, yaani namba ya akaunti ya benki ya kimataifa, ya Ufaransa huanza na FR na ina herufi na tarakimu 27. "Shamba la familia" linalotaka pesa kwenye akaunti ya mtu binafsi nchi nyingine, achana nalo. Ujumbe wa "tumebadilisha akaunti" ukija katikati ya biashara, piga simu shambani kwanza. Mlioko nchi za euro, tangu Oktoba 2025 benki yenu inalinganisha jina na IBAN kabla ya kutuma; ikisema havilingani, simama hapo.

Ukiipata chupa mkononi, zungusha kilemba: kikicheza kama kofia kubwa, huenda kilishawahi kutolewa. Mvinyo mchanga ujae hadi ndani ya shingo. Kizibo cha shamba huwa na jina, na mara nyingi mwaka. Vilingane na lebo, na pasiwe na tundu la zamani la kizibuo. Dukani Tanzania, skani stempu ya TRA kwa Hakiki Stempu. Kenya, ya KRA kwa Soma Label. Chupa tupu za bei kubwa kwangua lebo kwa kisu kabla ya kutupa, maana wapo wanaozinunua kuzijaza upya.

Umeshalipa? Piga simu benki saa hiyohiyo uombe pesa zirudishwe, usisubiri "mzigo uko forodhani". Hifadhi mazungumzo, namba na IBAN, usimblok muuzaji kabla hujapiga picha za skrini. Muuzaji akiwa Ufaransa, taarifa hupelekwa SignalConso, tovuti ya serikali ya Ufaransa ya malalamiko ya wateja.