Chambre d'hôtes kwenye mashamba ya mizabibu Ufaransa: lala kijiji cha pembeni

Jamani kama kuna mtu anapanga kwenda Ufaransa upande wa mvinyo na bei zinamtisha, asome hapa kwanza kabla hajalipia hoteli. Sehemu nzuri kuliko zote nilizolala kule zilikuwa nyumbani kwa watu, zile wanaita chambre d'hôtes, yaani familia inakupa chumba kwenye nyumba yao na asubuhi mnakunywa chai mezani kwao. Sheria ya kule inasema mwisho vyumba 5 na wageni 15, na chai ya asubuhi na mashuka vinakuwa ndani ya bei, kwa hiyo ukiona euro 80 kwa watu wawili basi ndo hiyo hiyo, unaongeza tu kodi ya kulala ya pale kijijini ambayo ni hela ndogo. Hotelini mara nyingi euro 80 ni kitanda tu, chai unalipia pembeni.

Nilipopapenda mno ni Bourgogne, eneo la mvinyo mashariki mwa Ufaransa. Kila mtu anakimbilia Beaune na namwelewa kabisa, mji ni mzuri, ile hospitali ya zamani ya mwaka 1443 na paa lake la vigae vya rangi unaweza kusimama ukaiangalia mpaka shingo iume. Ila kulala pale katikati ni ghali, na Jumapili ya tatu ya Novemba wanapofanya mnada wa mvinyo ndo usiguse kabisa, vyumba vinakuwa vimeshaisha zamani. Sasa shuka kusini kidogo, vijiji vya Rully, Mercurey na Givry, au panda milimani nyuma ya Beaune kule wanaita Hautes-Côtes, mizabibu ni ile ile mpaka kwenye ukuta wa nyumba, watu wachache, bei imetulia.

Sisi tulilala kwa mkulima upande wa Givry, chumba kiko juu ya stoo ya mapipa, kuta za mawe nene hivi kwamba mchana wa jua kali ndani kumepoa bila feni, ukifungua dirisha unaona mistari ya mizabibu inapanda kilima. Asubuhi mkate wa moto, siagi, jamu ya yale mapichi mekundu yanayoota kando ya mizabibu ambayo mama mwenye nyumba anaipika mwenyewe, aisee ile jamu! Jioni mzee akatushusha chini kwenye mapipa akaonja na sisi, anaeleza shamba hili jua linapiga asubuhi, lile lina mawe mengi, kwa hiyo ladha zinatofautiana, tena hakuna aliyetusukuma kununua. Tulinunua wenyewe kwa kupenda, na kwa bei ya mkulima. Na pale Givry ndo inapoanza ile njia ya baiskeli iliyotengenezwa juu ya reli ya zamani mwaka 1997, inaenda mpaka mji wa Cluny, haina milima ya kutesa, hata mwenye watoto anaiweza.

Upande wa Bordeaux ni mtindo huohuo. Saint-Émilion, kile kijiji maarufu cha mvinyo, nenda mchana, tembea, piga picha, halafu jioni rudi kulala Castillon-la-Bataille au vijiji vya Entre-Deux-Mers. Hoteli moja niliyolala ndani ya kijiji maarufu ilikuwa na chumba kidogo, dirisha linaangalia ukuta, na bei ilikuwa karibu mara mbili ya kwa yule mkulima wetu, iliniuma kweli. Eneo la Alsace usikae tu na kijiji maarufu cha Riquewihr, angalia Dambach-la-Ville, kuna ukuta wa zamani, nyumba za mbao za rangi, na treni inafika. Bonde la Loire, karibu na mji wa Saumur, kuna vyumba vilivyochongwa ndani ya mwamba, vizuri sana ila beba sweta.

Mapungufu yapo na nayasema. Hakuna mapokezi ya usiku, wakikwambia fika kabla ya saa moja jioni wanamaanisha, kama umechelewa piga simu. Ngazi ni za zamani na lifti hamna, mwenye magoti mabovu aombe chumba cha chini mapema. Nyumba nyingine hazichukui kadi, uwe na keshi. Jumapili jioni na Jumatatu mikahawa mingi ya vijijini imefungwa, kwa hiyo uliza kama wanapika table d'hôtes, mnakula wote meza moja chakula kimoja alichopika mwenyeji, lakini lazima uagize kabla. Bila gari utahangaika sehemu nyingi. Na Septemba wakati wa mavuno wenyeji wako shambani toka alfajiri, hawana muda na wewe, mimi nasema Mei au Juni.

Kutafuta, anza na Gîtes de France, ule mtandao wa nyumba za wageni, wapo toka 1955, wanapanga nyumba kwa masuke ya ngano kama hoteli zinavyopangwa kwa nyota, 1 mpaka 5, mimi masuke 3 yananitosha kabisa. Pia tovuti ya ofisi ya utalii ya eneo husika huwa na nyumba ambazo kwenye zile apu kubwa hazipo. Ukishaipata mwandikie mwenye nyumba moja kwa moja, Kifaransa kifupi tu cha salamu na tarehe, na umuulize kama kuna nafuu ukikaa zaidi ya usiku mmoja.