Draiva ya kadi ya michoro kwenye Linux: walisema imekamilika

Nyota ngapi nitaamua nikifika mwisho, maana hasira bado ninayo.

Wiki kadhaa zilizopita nilipata kadi mpya ya michoro. Nikaichomeka, nikafungua ile programu ya mfumo inayopendekeza draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi), nikachagua ya kampuni iliyotengeneza kadi yenyewe. Katikati ya usakinishaji ikanitaka nitunge nywila. Ya nini? Haikusema. Nikatunga. Mwishoni ikaandika kwamba usakinishaji umekamilika, niwashe upya kompyuta. Nikawasha upya, nikainuka kwenda kunywa maji, kama afanyavyo yeyote aliyeambiwa kazi imeisha.

Kumbe kabla mfumo haujaamka hutokea skrini ya bluu, maandishi matupu ya enzi zile, inakwambia ubonyeze kitufe chochote ushughulikie mambo ya MOK (Machine Owner Key, yaani ufunguo wa mwenye mashine). Inakupa sekunde 10. Kumi! Zikipita, inaendelea kuwasha mashine kana kwamba hakuna kilichotokea, na ombi lako limekufa hapo hapo. Hakuna anayekuambia, si wakati huo, si baadaye.

Nikafungua gemu ya mbio za magari. Gari liko mwanzo wa kona, halafu liko mwisho wa kona, katikati halikupita. Feni ya prosesa inapiga kelele, feni za kadi mpya zimetulia tuli. Nikapunguza vivuli, nikashusha ukubwa wa picha, nikazima kila pambo. Wapi! Ni zile feni zilizonitia shaka, nikaingia kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, nikaandika `glxinfo | grep renderer`. Jibu: llvmpipe. Maana yake prosesa ndiyo iliyokuwa ikichora kila kitu peke yake, kadi haijaguswa kabisa.

Nikamwandikia mhudumu wa wateja wa kampuni ya kadi. Akanijibu kwa sentensi moja: weka Windows kwanza, halafu uulize. Ndugu yangu, hiyo draiva ya Linux mmeiandika nyinyi! Iko kwenye tovuti yenu!

Nikaendelea mwenyewe. Nilipojaribu kuipakia moduli ya draiva, kile kipande chake kinachoingia kwenye keneli (kiini cha mfumo), kwa amri ya `modprobe`, ndipo ukweli ulipotoka: "Key was rejected by service". Secure Boot, ulinzi unaokagua sahihi za programu tangu mashine inapowaka, ilikuwa imewashwa, na keneli haipokei moduli iliyotiwa sahihi kwa ufunguo isioujua. Ile nywila ilikuwa ya kuusajili ufunguo huo kwenye skrini ya bluu. Sina ugomvi na Secure Boot; mlinzi anayemzuia mgeni asiyemfahamu anafanya kazi yake. Ugomvi wangu ni na aliyeona mgeni kazuiwa mlangoni halafu akanitangazia kwamba kesha fika sebuleni.

Dawa yake ni fupi. `sudo mokutil --import` pamoja na faili la ufunguo, tunga nywila nyingine, washa upya, na safari hii usibanduke kwenye kiti. Chagua Enroll MOK, kubali, andika nywila. Tumia herufi na tarakimu za kawaida tu, kwa sababu kibodi humo husomwa kwa mpangilio wa Marekani, na alama ulizozizoea huenda zisiwe mahali pake.

Na hapa ndipo ninapopata shida ya kuhukumu. Ilipokubali, ilikubali kweli. Gemu ile ile, na vivuli vyote nimevirudisha, fremu 60 kwa sekunde bila kuyumba. Dakika za mwanzo ilikwamakwama wakati sheda (vijiprogramu vya kuchorea picha) zinaandaliwa, kisha ikawa laini. Nikafungua na nyingine iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows tu, kupitia Proton, programu ya kuchezesha gemu za Windows kwenye Linux, ile ambayo kampuni ya Valve waliitoa mwaka 2018. Ikacheza. Sikugusa mpangilio wowote! Tangu hapo keneli imesasishwa, moduli ikajengwa upya na kutiwa sahihi kwa ufunguo ule ule, na mimi sikuulizwa chochote.

Kwa hiyo draiva ni nzuri? Ni nzuri sana. Hapa nilikuwa nimeshaandika nyota nne. Nimefuta moja kwa ajili ya neno "umekamilika". Na nikimkumbuka yule mhudumu, nafuta nyingine. Mbili. Akinijibu tena vile, hata hizo nazichukua.