Uzoefu wangu: ext4, Btrfs na ZFS kwenye kompyuta zenye RAM ya GB 2

Ninahudumia chumba cha kompyuta cha shule moja ya sekondari mkoani Tanga. Mashine nyingi zilizomo ni za mezani, zilikwisha kutumika maofisini Ulaya kabla ya kuletwa huku: RAM ni GB 2, chache zina GB 4, na diski zake ni HDD, yaani zile za sahani zinazozunguka, za GB 160 au 250. Zote zinaendeshwa na Linux. Swali la mfumo wa faili, yaani namna diski inavyopangwa ili kuhifadhi faili, kwa kawaida hujibiwa na programu ya usakinishaji yenyewe, kwa kuwa anayesakinisha hubofya kitufe cha kuendelea bila kusoma, na ndiyo maana kwangu chaguo-msingi lina uzito kuliko orodha nzima ya machaguo mengine yaliyofichwa ndani ya menyu. Nimetumia mifumo mitatu, yaani ext4, Btrfs na ZFS, kwenye mashine hizi, kwa kazi zile zile za wanafunzi, yaani kivinjari, LibreOffice na video za masomo.

ZFS ndiyo inayosifiwa zaidi, na sifa zenyewe ni za haki. Iliandikwa na kampuni ya Sun Microsystems kwa ajili ya seva, na hukagua kila kipande cha data inachokisoma ili kujua kama kimeharibika. Tatizo lake kwetu ni kache yake (sehemu ya RAM inayowekwa data ili isisomwe tena diskini), inayoitwa ARC, ambayo imesimama kando ya kache ya kawaida ya Linux. Kwa miaka mingi kiwango cha juu cha ARC kwenye Linux kilikuwa nusu ya RAM yote, na kwenye mashine ya GB 2 hiyo ilikuwa GB 1 nzima. Ukiandika amri ya free -h, hutaiona kwenye safu ya kache inayoweza kuachiliwa. Inahesabiwa kwenye safu ya kumbukumbu iliyotumika, kana kwamba kuna programu kubwa inafanya kazi. ARC hujipunguza pale programu nyingine zinapohitaji nafasi, lakini kivinjari hudai nafasi kwa ghafla, na kabla ARC haijarudi nyuma vya kutosha, mashine huwa imeshaanza kuhamishia kurasa za kumbukumbu kwenye swapu, yaani nafasi ya diski inayotumika badala ya RAM. Hapo kishale cha kipanya huganda na taa ya diski haizimi. Niliweka thamani ya zfs_arc_max, ambayo ndiyo kikomo cha ARC, kuwa 268435456, yaani MB 256, kwenye faili ya /etc/modprobe.d/zfs.conf. Kuganda kulipungua, ila usomaji wa diski ukawa mzito, kwa sababu faida kubwa ya ZFS inategemea hiyo kache niliyoibana. Kuiwekea mashine ya GB 2 ZFS ni sawa na kufungia bajaji injini ya lori. Wenzetu wa FreeBSD, mfumo mwingine wa uendeshaji, nao wanakutana na jambo hilo: kitabu chao cha mwongozo kinashauri RAM isipungue GB 1 kwa ajili ya ZFS, na programu yao ya usakinishaji bado inakuachia UFS, mfumo wa faili mwepesi zaidi, kwa mashine ndogo.

Btrfs ilinivutia zaidi. Fedora Workstation, moja ya matoleo ya Linux, iliifanya chaguo-msingi mwaka 2020, katika toleo la 33, na toleo lililofuata likaongeza ubanaji wa data kwa zstd, jambo linalookoa nafasi na kupunguza kiasi kinachoandikwa diskini. Haidai kache ya pekee kama ZFS, bali hutumia ile ile ya kerneli, kiini cha Linux. Kwenye mashine za GB 4 nilizozifungia SSD (diski zisizo na sahani zinazozunguka) sina lalamiko lolote la maana, na uwezo wa kurudi kwenye hali ya jana baada ya sasisho kuharibika ni raha tupu. Kwenye HDD mambo ni tofauti. Btrfs haiandiki juu ya data ya zamani, huandika mahali papya, na hifadhidata ndogo ndogo za kivinjari ambazo hubadilika kila mara hutawanyika diski nzima, hata kufungua kivinjari tu kukawa kazi. Halafu kuna suala la ukarabati: zana ya btrfs check yenyewe inaonya usitumie --repair mpaka ushauriwe na mtu anayeijua Btrfs kwa undani. Mwalimu wa zamu atampata wapi mtu huyo?

Kilichoamua, hata hivyo, ni umeme. Hapa hukatika bila taarifa, na UPS chache tulizo nazo betri zake zimechoka. Mashine ya ext4 iliyozimika ghafla huwaka, huandika kwenye skrini mstari wenye maneno recovering journal, na baada ya sekunde chache mwanafunzi anaingia kama kawaida. Ext4 huandika kwanza mabadiliko ya mpangilio wa faili kwenye daftari lake maalumu, hivyo inajua ilipoachia. Hata ukaguzi kamili wa diski ya GB 250 kwa fsck, zana ya kukagua mfumo wa faili, umekwisha kwa RAM tuliyo nayo bila vurugu. Lakini ext4 haikagui maudhui ya faili, kwa hiyo picha ikiharibika kimyakimya hutajua mpaka uifungue, na insha iliyohifadhiwa sekunde chache kabla ya umeme kukatika inaweza kupotea. Kwa sababu hiyo nakala za kazi za wanafunzi huhamishiwa kwa rsync, programu ya kunakili faili, kwenye diski ya nje.

Kuhusu XFS, mfumo mwingine wa faili, sina mengi. Ni imara, na kampuni ya Red Hat iliichagua kwa RHEL 7, Linux yake ya makampuni, mwaka 2014, lakini sehemu ya diski yenye XFS haiwezi kupunguzwa ukubwa, na mimi hupanga upya diski hizi mara kwa mara.

Anayechagua ext4 afanye marekebisho mamoja mapema. Mfumo huu hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya msimamizi, na kwenye diski ya GB 250 hiyo ni zaidi ya GB 12. Kwenye sehemu ya /home, inakohifadhiwa faili za watumiaji, amri ya tune2fs -m 1 inarudisha sehemu kubwa ya nafasi hiyo, na kwa chumba ambacho video za masomo hujaa kila muhula, tofauti inaonekana. Na kama mashine bado ni nzito baada ya hapo, usiendelee kubadilisha mifumo ya faili: washa zram, ambayo hubana kurasa za kumbukumbu ndani ya RAM yenyewe badala ya kuzipeleka kwenye HDD. Kwetu ilisaidia kuliko marekebisho yoyote niliyowahi kufanya upande wa diski.