Chalenji za Kumchora Mhusika wa Mwenzako: Tathmini ya Mshiriki kutoka Mbeya

Tangu Juni mwaka jana, msimu ambao baridi ya Mbeya humfungia mtu ndani na kikombe chake cha chai, nimeshiriki chalenji tatu za kuchora mtandaoni, zile zinazotambulika kwa herufi DTIYS (kifupi cha Kiingereza "Draw This In Your Style", yaani "chora hii kwa mtindo wako"), ambamo msanii huweka picha ya mhusika aliyembuni mwenyewe na kuwaalika wengine wamchore upya, kila mmoja kwa mtindo wake. Wachoraji wenzangu wa hapa na wa Iringa wamekuwa wakiniuliza kama zinastahili muda wao. Nazipa nyota 3 kati ya 5, na ningetoa 4 kama waandaaji wangekuwa makini zaidi katika kuandika masharti.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi, na kushiriki hakuna kiingilio. Mwandaaji hutangaza kwenye Instagram alama ya reli ya chalenji yake na tarehe ya mwisho. Mshiriki hutakiwa kumfuata, kumtaja katika maelezo, na mara nyingi kuweka picha ya asili pamoja na yake ili watazamaji walinganishe. Ni dhahiri kwamba mwandaaji ndiye anayevuna zaidi, kwa kuwa kila mchoro unaopakiwa unamtangaza yeye, lakini sioni ubaya wowote katika hilo maadamu naye ametoa kitu cha thamani, yaani mhusika aliyefikiriwa vizuri.

Mhusika wa chalenji yangu ya kwanza alikuwa binti mwenye kofia ya uyoga, taa mkononi na paka mweusi begani. Mchoro wangu wa kwanza, nikikiri ukweli, ulikuwa nakala tu. Katika wa pili nilibadilisha kila kitu: nikamvika sweta la shule na kitenge, kofia nikaifanya kilemba, taa nikaifanya tochi, na mdogo wangu alipoutazama hakuona uhusiano wowote na picha ya asili. Hapo ndipo nilipolazimika kujiuliza ni kipi kikiondoka, binti yule haendelei kuwa yeye. Nilichukua karatasi nyingine ya manila, nikamchora akiwa kivuli kitupu, amejazwa wino mweusi bila uso wala rangi, nikagundua kwamba kinachomtambulisha ni ule mwavuli mpana wa kofia na mgongo wa paka uliopinda kando ya shingo. Basi kofia ikarudi, ila niliichora kama ule uyoga mkubwa wa kichuguu unaouzwa kando ya barabara wakati wa mvua. Taa ikawa koroboi. Sweta likabaki, kwa sababu huku kwetu hakuna binti mwenye akili timamu anayetoka usiku bila sweta. Nimechora wahusika wangu mwenyewe kwa miaka mingi bila kuwahi kufanya jaribio hilo la kivuli, kwani wa kwako unaweza kumbadilisha utakavyo na hakuna atakayekuuliza. Kwa somo hilo peke yake chalenji ile ililipa.

Mjomba wangu, fundi wa kuandika mabango pale Mwanjelwa, hakufurahishwa. "Mpwa wangu, unapoteza wino kwa mtoto wa mtu mwingine," aliniambia. Nilimkumbusha kuhusu Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, ambaye alifariki mwaka 1972 akiwa amechora kwa miaka michache tu, na kwamba tunaijua michoro ya aina yake hadi leo kwa sababu wanafunzi wake waliwachukua wanyama wale wale na kila mmoja akawachora kwa mkono wake. Mjomba alinyamaza, ingawa najua hakushawishika.

Kasoro sasa. Mwandaaji wa chalenji ya pili aliandika kwamba mwisho ni saa sita usiku, bila kusema usiku wa wapi. Alikuwa California, na kwa kuwa ilikuwa Julai, saa sita yake ya usiku ilikuwa saa nne yetu ya asubuhi. Nilikesha nikimalizia kivuli cha mti kwa haraka, kumbe nilikuwa na saa kumi za ziada. Kubwa kuliko hilo ni kwamba nilishika nafasi ya tatu, na nilipotuma anwani ndipo nikaelezwa kwamba zawadi za kalamu za rangi hazisafirishwi Afrika, sharti ambalo halikuwamo popote kwenye tangazo. Siku hizi nauliza kabla ya kushika penseli.

Kuhusu vifaa, anayechora kwenye karatasi asikate tamaa: piga picha karibu na dirisha asubuhi, bila mwanga wa simu, na mchoro utaonekana vizuri. Chalenji ya tatu niliifanya kwa kidole kwenye ibisPaint, programu ya bure inayokubali simu za kawaida, tofauti na Procreate ambayo haina toleo la Android. Ila brashi nyingi hufunguka baada ya kutazama tangazo, na matangazo hula bando.

Jambo la mwisho ni mauzo. Mchapishaji mmoja wa fulana hapa mjini alimpenda binti wa uyoga, akataka tuanze kazi siku hiyo hiyo. Mwaliko wa chalenji ni ruhusa ya kuchora na kuonyesha. Kuuza ni jambo jingine, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamwachia mbunifu uamuzi wa kazi zinazotokana na yake. Nilimwandikia mwandaaji, akajibu kesho yake akikubali fulana kumi kwa sharti kwamba jina lake lichapishwe pia. Tumechapa sita. Jina lake liko chini, karibu na pindo, na wanunuzi karibu wote huuliza ni la nani.